Sultan Khan na hukumu ya kutojua kusoma

Muhula uliopita nilialikwa na walimu wa shule moja ya upili mjini Kitengela nikatoe zawadi katika mashindano yao ya sataranji, mchezo ambao vijana wetu wamezoea kuuita chesi. Miongoni mwa waliocheza alikuwamo mvulana mmoja kutoka boma lililo mbali kidogo na barabara kuu iendayo Namanga, upande wa Kajiado. Baba yake ni mfugaji. Mvulana huyo alicheza kimya kimya, mkono shavuni, akawashinda wote aliokutanishwa nao, wakiwamo watoto waliofundishwa mchezo huu na wazazi wao kwa vitabu na kompyuta.

Jioni walimu walikutana kuchagua timu ya kuiwakilisha shule katika mashindano makubwa zaidi. Jina la mvulana yule likawekwa kando. Ilielezwa kwamba hajui kunakili hatua za mchezo kwa herufi za Kiingereza, kwamba hajasoma hata kitabu kimoja cha mbinu za ufunguzi, na kwamba Kiingereza chake chenyewe ni cha kusuasua. Angeiaibisha shule. Mwalimu mmoja alinigeukia kutaka shauri langu, na mimi, niliyeisomea isimu hadi shahada ya uzamifu, nikaitikia kwa kichwa. Nilimaliza chai yangu, nikaaga, nikarudi nyumbani.

Usiku ule nilimkumbuka Mir Sultan Khan, na usingizi ukanipaa. Nawaomba walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu, waniruhusu niyasimulie maisha ya mtu huyu, kwani kesi ya mvulana wa Kajiado ilikwisha kuamuliwa zamani, na si mara moja.

Sultan Khan alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kijiji cha Mitha Tiwana, katika jimbo la Punjab, wakati huo likiwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Leo eneo hilo limo nchini Pakistan. Jina la Punjab si geni kwetu. Wengi wa vibarua walioletwa kuijenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901 walitoka huko, na reli hiyo ilipita katika nyanda za Athi, kitambo kidogo tu kutoka ilipo Kitengela ya leo. Kwa hiyo, mtoto huyo alizaliwa katika himaya ile ile iliyokuwa ikitutawala sisi, na katika jimbo lile lile lililotoa jasho lake kwenye ardhi yetu.

Baba yake ndiye aliyemfundisha sataranji akiwa na umri wa takriban miaka tisa. Lakini sataranji hiyo haikuwa ile ichezwayo Ulaya. Mchezo huu ulichipuka India, ukiitwa kwa Kisanskriti chaturanga, yaani viungo vinne vya jeshi. Waajemi wakaupokea wakauita chatrang, Waarabu wakasema shatranj, nasi Waswahili tukalipokea neno hilo kupitia Kiarabu tukapata sataranji. Waarabu hao hao waliufikisha Hispania, na huko Ulaya kanuni zikabadilishwa. Askari wa mbele akaruhusiwa kupiga hatua mbili anapoondoka mahali pake pa kwanza. Malkia akapewa nguvu kubwa. Mfalme naye akabuniwa njia ya kujificha nyuma ya ngome kwa hatua moja. Katika sataranji ya Kihindi aliyoijua Sultan Khan, askari alipiga hatua moja tu, mfalme hakuwa na maficho ya aina ile, na askari aliyefika mwisho wa ubao aligeuzwa kete kwa kufuata mstari aliofikia. Mchezo ulianza polepole, kila upande ukijipanga kwanza kabla ya mapambano.

Kipaji cha kijana huyo kilimvutia Umar Hayat Khan, mwenye ardhi kubwa, mwanajeshi na mtu mashuhuri katika siasa za Punjab, aliyemchukua katika nyumba yake na kumtafutia walimu wa kanuni za Ulaya. Mwaka 1928 Sultan Khan alishinda ubingwa wa India nzima bila kushindwa mchezo hata mmoja. Mwaka uliofuata, Umar Hayat Khan alipokwenda London kwa shughuli za utawala, alimchukua pamoja naye. Walifika huko mwezi Aprili 1929.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Waliandaliwa wachezaji wachache wa kumjaribu, naye akawa miongoni mwa walioshika mkia. Waliomtazama waliona kasoro yake mara moja, nayo ilikuwa katika ufunguzi. Wachezaji wa Ulaya walikuwa wamekusanya vitabuni maarifa ya vizazi vingi kuhusu hatua kumi au kumi na tano za kwanza za mchezo: hatua ipi ijibiwe kwa ipi, na mtego gani umefichwa wapi. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kirusi. Sultan Khan hakuwa na njia ya kuviingia. Mabingwa wawili wa Uingereza, William Winter na Frederick Yates, walijitolea kumfundisha, na mafunzo yenyewe yalifanywa zaidi kwa mikono na kete kuliko kwa maneno.

Miezi michache baadaye, katika kiangazi cha mwaka huo huo wa 1929, mashindano ya ubingwa wa Uingereza yalifanyika Ramsgate. Sultan Khan alishinda. Mtu aliyeonekana mwezi Mei kuwa si lolote alitawazwa bingwa wa nchi iliyokuwa ikiitawala nchi yake.

Wako waliodai kwamba ule ulikuwa mzungu wa bahati. Aliwajibu kwa kucheza. Mwaka 1930 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Liège, nyuma ya Savielly Tartakower, na mwaka 1931 akamshinda Tartakower huyo katika pambano la watu wawili. Aliichezea timu ya Uingereza katika ubao wa kwanza kwenye Olimpiadi za sataranji za Hamburg mwaka 1930, Prague mwaka 1931 na Folkestone mwaka 1933. Kule Prague aliwashinda Akiba Rubinstein na Salo Flohr, akatoka sare na Alexander Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia. Ubingwa wa Uingereza aliutwaa tena mwaka 1932 na 1933.

Hata hivyo, mchezo unaokumbukwa kuliko yote ni ule wa Hastings, katika mashindano ya Krismasi ya 1930 na 1931. Mpinzani alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia mwaka 1921 hadi 1927, mtu ambaye kumshinda kulikuwa tukio la kuhesabiwa kwa vidole. Sultan Khan alishika kete nyeupe.

Yafaa tuutazame ufunguzi wa mchezo huo, maana ndipo palipodhaniwa kwamba Mhindi atakwama. Alianza kwa kumtoa farasi. Capablanca naye akatoa farasi, kisha akasogeza askari wa pembeni hatua moja ili apate nafasi ya kumweka askofu wake ubavuni, akiangalia katikati ya ubao kutoka mbali. Mpango huo huitwa Ulinzi wa Kihindi wa Malkia. Hapa pana kichekesho ambacho mwanaisimu hawezi kukipita. Jina la Kihindi lilitokana na wachezaji wa India wa karne ya 19, hasa Bannerjee wa Calcutta, ambaye michezo yake na Mwingereza John Cochrane ilirekodiwa. Wahindi hao, kwa kuwa walilelewa katika mchezo ambao askari hupiga hatua moja moja, walizoea kujipanga polepole kutoka ubavuni. Wazungu waliucheka mtindo huo, kisha wakauchukua, wakauandikia vitabu, wakaufanya elimu. Basi siku ile Mcuba alikuwa akimchezea Mhindi ufunguzi wa Kihindi alioupata kupitia maarifa ya Ulaya, na Mhindi ndiye aliyehesabiwa kuwa hana elimu ya ufunguzi!

Katika hatua yake ya tano Sultan Khan alifanya jambo dogo sana. Alimsogeza askari wa pembeni kabisa, upande wa malkia, hatua moja. Mtu asiyejua angesema amepoteza zamu. Kumbe hatua hiyo ilimzuia askofu wa Capablanca asije kumbana farasi mweupe, na hivyo ikaimarisha mamlaka ya mweupe juu ya katikati ya ubao. Miaka mingi baadaye mpango huo ulipewa jina la Tigran Petrosian, bingwa wa dunia wa miaka ya 1963 hadi 1969, na katika miaka ya 1980 Garry Kasparov aliutumia kuwaangusha wengi. Sultan Khan hakupewa jina la ufunguzi huo. Vyaelea vimeundwa, lakini si kila fundi huandikwa ubavuni mwa chombo.

Mchezo uliendelea kwa namna aliyoipenda. Alipeleka askari wake mbele upande wa mfalme mweusi, akabana nafasi. Kufikia hatua ya 24 Capablanca alikuwa ametoa ngome zake mbili akampata malkia. Kwa macho ya haraka malkia ni kete kubwa, na mwenye malkia ndiye mwenye nguvu. Lakini Sultan Khan alikuwa ameujenga ukuta. Malkia mweusi alihangaika pembezoni mwa ubao, akienda mraba huu na kurudi ule, asipate mlango. Mweupe hakuwa na haraka. Alimtembeza mfalme wake hadi mahali pa salama, akazipanga ngome zake mbili, kisha akafungua njia upande wa pili. Katika hatua ya 65 Capablanca alisalimu amri.

Capablanca hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Hata hivyo aliandika baadaye kwamba mtu aliyefika kileleni bila msaada wa vitabu vya mchezo lazima awe na kipaji kisicho cha kawaida. Nakubaliana naye, ila nina neno la kuongeza kuhusu hivyo vitabu.

Kwa miaka mingi dunia imesimuliwa kwamba Sultan Khan alikuwa mtumishi asiyejua kusoma wala kuandika. Iko hadithi iliyoenezwa na Mmarekani Reuben Fine, kwamba mwaka 1933 timu ya Marekani ilialikwa nyumbani kwa Umar Hayat Khan, na wageni wakafedheheka kumwona bingwa wa Uingereza akiwahudumia mezani. Mwaka 1933 huo huo Fatima, mwanamke wa nyumba hiyo hiyo, alishinda ubingwa wa wanawake wa Uingereza, naye pia akaandikwa kama mtumishi tu. Wazawa wa Sultan Khan wameipinga picha hiyo kwa nguvu. Wamesema kwamba alitoka katika ukoo wenye ardhi na wenye kuheshimika kwa elimu ya dini, na kwamba kusoma na kuandika alikujua.

Sikusudii kuyaamua mambo ya ndani ya nyumba ya watu. Ninachoweza kukisema kwa taaluma yangu ni hiki. Katika himaya ile, maneno kutojua kusoma yalikuwa na maana mbili zilizochanganywa makusudi. Maana ya kwanza ni kutozitambua herufi za lugha yoyote. Maana ya pili ni kutokisoma Kiingereza. Mtu angeweza kuisoma Kurani tukufu kwa Kiarabu, akaandika barua kwa Kiurdu, akafanya hesabu za mavuno yake, na bado afisa wa serikali akamwandika katika daftari kuwa mjinga. Babu zetu wa pwani walikuwa na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule za misheni, nao pia waliwekwa katika daftari hilo. Hukumu hii haikuhitaji ushahidi, kwa kuwa hakimu ndiye aliyekuwa mwenye lugha.

Na athari zake ni za kweli. Sultan Khan alicheza Ulaya kwa muda usiotimia miaka mitano. Baridi ya Uingereza ilimtesa. Alisumbuliwa na malaria na maradhi ya koo, na mara nyingine alifika ubaoni shingo ikiwa imezungushiwa vitambaa. Mwishoni mwa mwaka 1933 Umar Hayat Khan alirejea India, naye akarejea pamoja naye. Mashindano makubwa ya Ulaya hayakumwona tena. Umar Hayat Khan alifariki mwaka 1944. India ilipogawanywa mwaka 1947, Sultan Khan alijikuta raia wa Pakistan, akiishi maisha ya mkulima mwenye shamba lake. Mwanawe amesimulia kwamba mzee hakutaka wanawe waishike sataranji. Aliwaambia wafanye jambo lenye manufaa zaidi maishani.

Mwaka 1950 Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lilianza kutoa rasmi cheo cha bingwa mkuu. Waliopewa katika orodha ya kwanza walikuwa 27, wakiwamo wazee waliokuwa wameacha kucheza siku nyingi, kama vile Rubinstein, ambaye Sultan Khan alimshinda kule Prague. Jina la Sultan Khan halikuwamo. Alifariki dunia tarehe 25 Aprili 1966 katika eneo la Sargodha, akiwa hana cheo chochote cha shirikisho hilo. Cheo hicho alikuja kupewa kwa heshima mwezi Februari 2024, karibu miaka 58 baada ya kuzikwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza ugenini, akatunzwa akiwa kaburini.

Sasa turudi Kitengela. Baada ya kuyakumbuka haya nilikwenda kuzisoma kanuni za mchezo zinazotolewa na FIDE. Ni kweli kwamba katika mashindano rasmi kila mchezaji sharti anakili hatua zake na za mpinzani wake. Lakini kanuni hizo hizo, katika kiambatisho chake kuhusu uandishi wa hatua, zinamruhusu kila mchezaji kutumia kifupi cha jina la kete kama lijulikanavyo katika nchi yake. Mfaransa humwandika farasi kwa C, Mjerumani kwa S. Mwingereza mwenyewe alilazimika kumpa farasi herufi N, kwa sababu herufi ya kwanza ya jina lake ilikwisha kuchukuliwa na mfalme. Hakuna kanuni inayomlazimisha Mmaasai wa Kajiado kukijua Kiingereza ndipo amsogeze askari. Angeweza kuandika F kwa farasi na N kwa ngome. Mfalme na malkia wote huanza na M, na hapo ingebidi tukubaliane, kama wengine walivyokubaliana. Kujifunza herufi hizo tano na namba za miraba ni kazi ya alasiri moja.

Kwa hiyo sababu tuliyoitoa jioni ile haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ya daftari lile la zamani. Tulimpima kijana kwa lugha tukadai tumempima akili, na wala hatukuwa Waingereza. Tulikuwa Wakenya sita mezani, tukizungumza Kiswahili.

Wapo watakaosema kwamba mashindano ya juu yanahitaji vitabu, na vitabu viko kwa Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaibeza. Sultan Khan mwenyewe alipoteza michezo kadhaa kwa kukosa elimu ya ufunguzi, na laiti angefunguliwa mlango wa vitabu hivyo huenda angefika mbali zaidi. Lakini tuangalie mpangilio wa mambo. Winter na Yates hawakumwambia akajifunze Kiingereza kwanza halafu arudi. Waliketi naye mbele ya ubao. Kilichomfaa kilikuwa mwalimu, na lugha ingefuata nyuma. Aidha, mtoto wa mfugaji huenda hakuikuta sataranji kwa watu wake, lakini Wamaasai wana bao lao, enkeshui, lenye hesabu ambazo wengi wetu wenye shahada hatuziwezi. Hakuja shuleni akiwa kichwa kitupu.

Nilimpigia simu mwalimu aliyenialika, nikamweleza kwamba shauri langu lilikuwa baya na kwamba nalifuta. Alinisikiliza kwa adabu. Akanijibu kwamba majina yalikwisha kupelekwa, na kwamba nafasi ya mvulana yule amepewa mwingine. Akaongeza kuwa muhula ujao yuko tayari kumpokea yeyote atakayekuja siku za Jumamosi kumfundisha kunakili. Nimemwambia nitakuja mimi. Kutoka kwangu hadi shuleni ni mwendo wa matatu moja.

Sijui kama kijana huyo bado atautaka mchezo huu baada ya kukataliwa mbele ya wenzake. Hilo ndilo deni lililonibakia. Kwa walimu wenzangu, kutoka Kitengela na Isinya hadi Kajiado na Namanga, ninalo ombi moja. Mtoto akishinda ubaoni, mwandikeni kwamba ameshinda, kisha ndipo mtazame anahitaji kufundishwa nini. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, na apewe angali hai.